Uraka wa Lisekese na Uraka wa Goa

Mwezi wa Oktoba uingiapo, upepo uvumao katikati ya milima ya mawe ya Masasi huchukua harufu ya mabibo. Katika Lisekese, kama katika vijiji vingi vya njia iendayo Newala, korosho hung'olewa na kupelekwa ghalani, na tunda lenyewe, jekundu au la manjano, hubaki chini ya mti kwa wingi usioweza kuliwa lote. Sehemu ya wingi huo hutwangwa na kukamuliwa, na maji yake huachwa chunguni au ndooni. Siku ya kwanza maji hayo ni matamu, yenye ukakasi kidogo kooni. Asubuhi ya pili yametoa povu. Baada ya muda si mrefu yamekuwa uraka, na yakizidi kuachwa yanakuwa siki.

Mnywaji wa uraka hahitaji kibandiko chenye maandishi. Huuliza swali moja tu: "Wa lini?" Akijibiwa kwamba ni wa jana, amekwisha kujua nguvu yake, ladha yake, na idadi ya vikombe atakavyoweza kunywa na bado akaiona njia ya kwake. Aidha anamjua mpikaji, anaujua mkorosho, na pengine anakijua hata chungu. Ujuzi wa namna hii haupaswi kudharauliwa, kwa kuwa umejengwa juu ya majaribio ya miaka mingi, na majibu yake hupatikana usiku uo huo.

Hata hivyo ujuzi huo una mpaka wake. Umefungwa na mti, chombo na jirani. Mwenye kuubeba ugenini hubeba kipimo kisicholingana na kitu anachokipima, na hapo ndipo taabu zianzapo.

Neno moja, vinywaji vitatu

Mfano ulio karibu kabisa na mtu wa Masasi unapatikana mbali sana, katika Goa, kwenye pwani ya magharibi ya Uhindi. Mkorosho si mti wa asili wa Afrika wala wa Uhindi. Asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambako wenyeji walikuwa wakipata kileo kutokana na mabibo kabla ya Wareno kufika. Katika karne ya 16 Wareno waliuvusha bahari mti huo, wakaufikisha Goa, waliyoitawala tangu 1510 hadi 1961, na pia Msumbiji. Jina la Kireno, caju, lilitokana na lugha ya wenyeji wa Brazili, na msomaji wa pwani ataisikia sauti yake katika neno "mkanju".

Msimu wa mabibo huko Goa huangukia kati ya Februari na Mei, wakati mikorosho ya Masasi ikiwa imemaliza kazi yake. Mabibo hupondwa, zamani kwa miguu ndani ya shimo la mawe, na maji yake huachwa yachachuke. Kufikia hapo mtu wa Lisekese angesema kwamba kazi imekwisha na wageni wakaribishwe. Mtu wa Goa ndiyo kwanza anaanza. Maji yaliyochachuka hutiwa katika mtambo, huchemshwa, na mvuke wake hupozwa ukawa kimiminika. Tone la mkeneko huo wa kwanza huitwa urrak, na nguvu yake ni kama asilimia 15. Likikenekwa tena pamoja na maji mengine ya mabibo hutoa feni, yenye asilimia zipatazo 42, ambayo mwaka 2009 ilipewa ulinzi wa kisheria ili jina hilo litumike kwa kinywaji cha Goa peke yake.

Neno urrak ni la ukoo wa neno la Kiarabu araq, maana yake jasho, kwa kuwa kileo hudondoka kutoka mtamboni mfano wa jasho. Uraka wa Masasi nao yaelekea ni wa ukoo huo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika Masasi jina limekaa juu ya kinywaji kisichodondoka hata tone moja! Kile kidondokacho, ambacho watu wa Mtwara na Lindi, na hata wa sehemu za Msumbiji, hukiita nipa, hakiitwi uraka kamwe. Basi mtu atokaye Lisekese, akikaribishwa urrak katika nyumba ya Goa, akiona kwamba ni wa mabibo na akanusa harufu ya kwao, atanyoosha mkono kwa kikombe kile kile alichokizoea. Neno limemdanganya, na pua imelithibitisha neno.

Udanganyifu wa aina ya pili unamngoja huko mti ulikotoka. Katika jimbo la Piauí nchini Brazili huuzwa kinywaji kiitwacho cajuína, cha rangi ya dhahabu, chupani, kilichotengenezwa kwa mabibo. Mgeni hudhani kwamba amepata mvinyo. Kumbe ni maji ya mabibo yaliyosafishwa ukakasi wake na kuchemshwa yakiwa ndani ya chupa ili yasichachuke. Mtoto wa shule aweza kuyanywa. Brazili iliitangaza cajuína ya Piauí kuwa urithi wa utamaduni wa taifa mwaka 2014. Mikoa ya Mtwara na Lindi, ambayo kila mwaka huyaacha mabibo mengi yakaoza chini ya miti ilhali yana vitamini C nyingi kupita chungwa, ingefaa iitazame chupa hiyo kwa makini zaidi kuliko inavyoitazama ile ya Goa.

Hesabu iliyo ndani ya kikombe

Nguvu ya kinywaji haitokani na jina wala rangi, bali na kiasi cha sukari chachu ilichoikuta. Chachu, kiumbe cha seli moja kiitwacho na wanasayansi Saccharomyces cerevisiae, huivunja sukari ikatoa ethanoli na hewa ya kaboni dioksaidi. Katika hesabu ya kemia, gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dioksaidi.

Tuseme lita moja ya maji ya mabibo ina gramu 100 za sukari, kiasi ambacho si cha ajabu kwa tunda hilo. Chachu ikiimaliza yote itatoa gramu 51 za ethanoli. Mililita moja ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.789, hivyo gramu 51 ni sawa na mililita 65. Huo basi ndio upeo wa uraka wa maji hayo: asilimia 6.5 kwa ujazo. Kwa kweli haufiki huko, kwa sababu chachu hutumia sehemu ya sukari kwa kuishi na kuzaana, na viini vya siki navyo hula sehemu ya ethanoli. Mpikaji aliyetia sukari ya dukani ndani ya chungu ameubadilisha upeo huo bila ya kulibadilisha jina.

Kipimo kinachostahili kubebwa safarini ni hiki: mililita za kinywaji, zikizidishwa kwa asilimia yake, zikizidishwa kwa 0.789, zikigawanywa kwa 100, hutoa gramu za ethanoli. Chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 5, iliyozoeleka katika baa za Masasi mjini, ina gramu 19.7. Ini la mtu mzima wa kawaida huondoa gramu zipatazo 7 au 8 kwa saa, na kazi hiyo haiharakishwi kwa kahawa, wala kwa kuoga maji baridi, wala kwa kula supu. Kwa hiyo chupa hiyo moja humchukua saa mbili na nusu au zaidi.

Sasa msafiri na afike Ubelgiji. Ataletewa kichupa cha mililita 330, kidogo kuliko alivyozoea, na huenda akajisikia amepunjwa. Bia ya Westmalle Tripel, itengenezwayo na watawa wa nchi hiyo, ina asilimia 9.5. Hesabu inatoa gramu 24.7. Kichupa kimeishinda chupa. Kwa upande mwingine, bilauri kubwa ya Kiingereza, yaani painti ya mililita 568, ikijazwa bia ya asilimia 4, ina gramu 17.9 tu. Na robo lita ya urrak wa Goa? Gramu 29.6, yaani chupa moja na nusu ya bia ya nyumbani, ikinyweka kama maji ya matunda, kwa kuwa wenyeji wa Goa hupenda kuichanganya na soda na ndimu.

Namba zisemazo jingine

Msomaji huenda akadhani kwamba katika nchi zenye vibandiko taabu imekwisha. La. Vibandiko vina lugha zake. Katika Jamhuri ya Czech, katika mji wa Plzeň ambako mwaka 1842 ilipikwa kwa mara ya kwanza bia ya rangi ya dhahabu iliyokuja kuwa mama wa bia nyingi za chupa za Afrika ya Mashariki, bia huitwa kwa namba: ya kumi, ya kumi na mbili. Mgeni aonaye 12 hushtuka akidhani ni asilimia ya kileo. Namba hiyo ni kipimo cha sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka katika maji ya kimea kabla ya kuchachuka. Bia ya kumi na mbili huwa na kileo cha asilimia 5 hivi. Mgeni aliyeogopa ameogopa bure.

Katika vinywaji vikali kuna kipimo cha zamani cha Kiingereza kiitwacho proof. Kwa Mmarekani, 100 ya kipimo hicho ni asilimia 50; kwa Mwingereza wa zamani 100 ilikuwa asilimia 57.1. Katika Brazili huonekana herufi GL, kwa heshima ya mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac, nazo zina maana ile ile ya asilimia kwa ujazo. Hata neno "bila kileo" halina maana moja: katika nchi nyingi za Ulaya bia iitwayo hivyo yaruhusiwa kuwa na kileo hadi asilimia 0.5, jambo lenye uzito kwa Mwislamu, kwa mgonjwa atumiaye dawa fulani, na kwa mtu aliyekwisha kuapa kuiacha.

Vyombo navyo vina adabu zake. Katika Bavaria, kusini mwa Ujerumani, bilauri ya sherehe hujaa lita nzima. Katika Cologne, mji wa Ujerumani hiyo hiyo, bilauri ina mililita 200, na mhudumu huibadilisha kila inapokwisha bila ya kuulizwa, mpaka mnywaji aifunike kwa kile kigae cha karatasi kiwekwacho chini yake. Mgeni asiyeijua desturi hiyo, ambaye amefundishwa kwao kwamba kukataa kilicholetwa ni utovu wa adabu, aweza kukaa hapo akinywa kwa heshima hadi usiku. Katika Uingereza bia ya jadi, inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa, huletwa ikiwa na joto la nyuzi 11 hadi 13 za Sentigredi. Wageni wengi huilalamikia. Mtu wa Tanzania hatalalamika, kwani ametoka katika nchi ambayo mhudumu huuliza "baridi au ya moto?", na nyuzi 12 kwake ni baridi ya kutosha.

Ng'ambo ya Ruvuma

Lakini ugenini kwa mtu wa Lisekese hauanzii Ulaya. Tangu 2010 Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, limeunganisha Mtambaswala na upande wa pili wa mto Ruvuma, na Wamakua na Wamakonde wenye ndugu Msumbiji hawakungoja daraja ili kwenda kuwaona. Huko atakuta bia iitwayo 2M, jina litokanalo na Mac-Mahon, rais wa Ufaransa ambaye mwaka 1875 aliamua mgogoro wa ghuba ya Maputo kwa faida ya Ureno. Rais mmoja wa Ulaya alitoa hukumu juu ya ardhi ya Afrika, na kumbukumbu yake imebaki kwenye chupa ya bia.

Huko Nampula, katika nchi ya Wamakua, mwaka 2011 ilianza kuuzwa bia ya Impala, ambayo sehemu kubwa ya malighafi yake ni muhogo badala ya shayiri. Tatizo la kisayansi lilikuwa kwamba muhogo ukisha kung'olewa huanza kuharibika katika siku moja au mbili, na mashamba yake yametawanyika. Badala ya muhogo kupelekwa kiwandani, mtambo wa kuusaga uliwekwa juu ya gari ukapelekwa kwa wakulima. Wanafunzi wa Newala, ambako muhogo ni chakula cha kila siku, wana la kujifunza hapo hata kama hawatainywa bia yenyewe.

Msafiri akielekea Malawi au Zambia atakutana na bia ya nafaka iuzwayo katika makasha ya karatasi, ambayo Watanzania huijua kwa jina la kibuku. Tofauti yake na bia ya chupa ni kwamba iko hai. Chachu haijauawa, nayo huendelea na kazi yake dukani, njiani na chini ya kitanda cha msafiri. Kasha la leo ni tamu na jepesi. Lile lile baada ya siku tatu ni kali zaidi. Hivyo swali la Lisekese, "Wa lini?", linarejea na thamani yake yote. Katika Uganda mashariki huwapo pia malwa ya ulezi, ambayo watu huizunguka na mirija mirefu wakinywa kutoka chungu kimoja kinachoongezwa maji ya moto mara kwa mara. Huko hesabu ya gramu hushindwa kabisa, maana hakuna ajuaye amevuta kiasi gani.

Chitima, Januari 2015

Pombe ya kienyeji kwa kawaida ni salama kuliko watu wanavyoidhania. Nafaka imechemshwa, asidi imezuia viini vingi vya magonjwa, na kileo kimezuia vingine. Ndiyo maana tukio la Chitima, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, liliwashangaza hata wataalamu.

Mwezi wa Januari 2015 watu walikusanyika hapo kwa msiba. Ikaletwa pombe ya mahindi, ambayo kwa wenyeji wa huko pia jina lake ni pombe. Waliokunywa walianza kuumwa matumbo na kuharisha, wengine wakalegea na kupoteza fahamu. Walikufa watu 75, na mpikaji mwenyewe akiwamo.

Habari iliyoenea kwanza ilikuwa ya nyongo ya mamba. Imani kwamba nyongo ya mamba ni sumu kali itiwayo katika pombe na mwenye chuki inajulikana kutoka Zambezi hadi Ruvuma, na hapana shaka msomaji amekwisha kuisikia. Imani ya namna hiyo ina madhara mawili: humtafuta mchawi mahali pasipo na mchawi, na hukiacha kisababishi halisi kikiendelea. Sampuli zilipopimwa katika maabara, hazikuonyesha nyongo. Zilionyesha asidi ya bongkreki, sumu itolewayo na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, aliyekuwa ameota katika unga wa mahindi ulioharibika ambao ulitumiwa kupikia pombe hiyo.

Sumu hiyo si mpya kwa sayansi. Iligunduliwa katika kisiwa cha Java, Indonesia, kutokana na chakula kinachochachushwa kwa machicha ya nazi, ambacho kimeua watu wengi huko. Hufanya kazi yake ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotengeneza nishati. Nishati hiyo husafirishwa kutoka ndani ya mitokondria kwa protini maalumu, mfano wa mlango wa ghala. Asidi ya bongkreki huufunga mlango. Ghala laweza kuwa na mali, lakini mji unakufa njaa. Lililo baya zaidi ni kwamba sumu hii haina rangi, haina harufu ya kumtahadharisha mtu, na haivunjwi na moto wa jiko. Unga ulioharibika hautakaswi kwa kuchemshwa.

Kutokana na hayo yafaa mpikaji, na kila mwalimu asimamiaye stoo ya shule, akumbuke kwamba unga ulioloa maji na kuota uvundo haufai kwa pombe, kama usivyofaa kwa ugali. Desturi ya kusema "huu umeharibika, tupikie pombe" imezoeleka mahali pengi. Chitima ni sababu ya kuiacha.

Kileo kisicho kileo

Sumu ya pili haitoki kwa bakteria bali kwa biashara. Methanoli ni ndugu wa ethanoli, yenye kaboni moja badala ya mbili, na kwa macho na ulimi ni vigumu kuzitofautisha. Matunda yakichachuka hutoa methanoli kidogo sana, isiyotosha kumdhuru mnywaji wa uraka. Mauaji makubwa hutokea pale mtu anapotia katika pombe kali methanoli ya viwandani, ambayo ni rahisi. Ini huibadilisha kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mshipa wa jicho.

Haya hutokea kwa maskini na kwa matajiri. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa ajili ya bei yake. Jamhuri ya Czech, Septemba 2012, serikali ilisimamisha uuzaji wa vinywaji vikali vyote baada ya vifo vya namna hiyo. Laos, Novemba 2024, watalii 6 walikufa baada ya kunywa katika mji wa Vang Vieng. Kuwait, Agosti 2025, walikufa watu 23, wengi wao wafanyakazi wageni kutoka Asia.

Mfano wa Kuwait unawahusu Waafrika Mashariki moja kwa moja, kwani wengi wao huenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Kuwait imepiga marufuku kileo tangu miaka ya 1960, na Saudi Arabia tangu 1952. Huko Muscat, ambako msafiri aweza kusikia Kiswahili sokoni na kujiona yuko Unguja, kileo hupatikana katika hoteli zenye leseni, na kulewa hadharani ni kosa. Mahali ambapo kinywaji hakina leseni hakina pia mkaguzi, na mfanyakazi anayealikwa chumbani kunywa kitu kisicho na kibandiko hawezi kuuliza "Wa lini?" wala "Wa nani?". Akiugua, huogopa kwenda hospitali kwa kuwa atakiri kosa. Kuchelewa huko ndiko kunakoua. Methanoli mara nyingi haionyeshi ukali wake mpaka zipite saa 12 hadi 24. Kisha macho huona ukungu, kichwa huuma, pumzi huwa nzito. Dawa ipo, na daktari aliyefikiwa mapema aweza kuokoa uhai na macho pia. Kukamatwa ni shida. Upofu ni shida isiyo na dhamana.

Hapa nyumbani nako kukeneka bila leseni ni kosa kwa sheria ya mwaka 1966 kuhusu moshi, na sababu haikuwa kodi peke yake.

Kuhusu barabara, mipaka ya kisheria haifanani. Tanzania humruhusu dereva hadi miligramu 80 za ethanoli katika mililita 100 za damu. Sweden ni 20. Brazili, tangu 2008, na Jamhuri ya Czech pamoja na bia yake yote, hazimruhusu dereva hata kidogo. Mtu wa kilo 70 akinywa nusu lita ya bia ya asilimia 5 kwa haraka na bila chakula, damu yake hufika karibu na 40: halali Mtwara, kosa Stockholm. Hesabu hiyo ni ya makadirio tu, na haifai kutumiwa na mtu aliyekwisha kushika usukani. Umri nao hutofautiana: Tanzania ni miaka 18, Ujerumani huruhusu bia kwa mwenye miaka 16, na Marekani, kwa sheria ya 1984, husubiri 21.

Jaribio kwa shule zilizo karibu na mikorosho

Uraka hauna kibandiko, lakini shule yenye mizani yaweza kuuandikia, na hakuna atakayehitaji kuuonja. Chukua mililita 500 za maji ya mabibo yaliyokamuliwa asubuhi hiyo hiyo na kuchujwa. Yatie katika chupa ya lita moja, uzibe mdomo kwa pamba tu. Usikaze kifuniko kamwe, kwani chupa itapasuka. Pima uzito wa chupa yote pamoja na pamba, uandike. Pima tena kila asubuhi saa ile ile, baada ya kuitikisa polepole ili hewa iliyonaswa itoke.

Chupa itapungua uzito kila siku, kwa sababu kaboni dioksaidi inakimbia kupitia pamba. Kwa kila gramu 44 za hewa hiyo zilizotoka, gramu 46 za ethanoli zimebaki ndani. Kwa mfano, chupa ikipungua gramu 20, ethanoli iliyomo ni gramu 20.9. Hizo ni mililita 26.5 katika mililita 500, yaani asilimia 5.3.

Wanafunzi na wachore grafu ya uzito kwa siku. Mstari utateremka kwa kasi mwanzoni, kisha utalala. Siku utakapolala, waulize wazee wa jirani uraka wa siku hiyo wanauitaje. Mabaki yamwagwe mbele ya mwalimu.